Kompyuta ikishakuzidi ndio huanza kucheza ovyo

Vijana wa hapa kwetu Lamu wakishika simu kucheza drafti au chesi kuna lalamiko moja halikosi, utalisikia gatini, utalisikia Langoni, popote penye kivuli na mtu mwenye bando: "hii programu ilinibana vizuri sana alafu ghafla ikaanza kucheza ovyo". Yaani inaongoza, kila aliyesimama nyuma yako anaona inaongoza, kazi iliyobaki ni kumaliza tu, na badala ya kumaliza inasogeza kete huku, inairudisha, inaacha kula pahali ambapo hata mtoto wa chuoni angekula. Hapo ndio tafsiri zinaanza. Mmoja atasema inakuonea huruma, mwingine aseme hapana hio ni dharau, imeundwa hivo ili uudhike ununue ile ya kulipia, na kuna yule mmoja ambae kwake kila kitu ni betri.

Mimi hii habari ya kompyuta na michezo ya ubao nimeifuatilia kitambo na naona hakuna hata moja hapo iliyo kweli. Si huruma, si dharau. Mtu akiwa anaongoza moyo wake hubadilika, anaogopa kuharibu, au anavimba kichwa, au anaanza kuangalia watu wanamuangalia vipi. Kompyuta haina hayo. Ina namba moja inayotaka ipande, basi, na ukitaka kujua kwa nini inacheza vile inavocheza ikiwa mbele uliza kitu kimoja tu: hio namba inahesabu nini?

Lakini kabla ya hapo tuondoe la rahisi njiani. Kama umeweka kiwango cha chini, programu inakosea makusudi, ndio maana ya kiwango cha chini. Stockfish kwa mfano, ambayo ndio injini ya chesi iliyo ndani ya apu nyingi sana, ina ustadi kutoka 0 mpaka 20, na ukiushusha inaacha hatua iliyo bora na kuchagua nyingine dhaifu kwa kubahatisha. Haiangalii kama inaongoza au haiongozi. Kwa hivo wewe uliyeweka level ya pili ukaachiwa malkia bure, hapo hakuna siri ya kutafuta. Nazungumzia zile zinazocheza kwa nguvu zake zote na bado zinaonekana kulegea.

Tuanze na za zamani. Mwaka 1950 Claude Shannon, Mmarekani, alichapisha makala ya jinsi kompyuta inavyoweza kucheza chesi, na humo akaviwekea bei vitu: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari wa mbele 1, mfalme 200 manake mfalme akienda hakuna mchezo tena. Jumlisha vyako, toa vya mwenzako, kilichobaki ndio unavyoongoza. Wakaja wengine wakaongeza mambo mengi, mfalme amejificha vizuri au yuko wazi, kete zina nafasi ya kwenda au zimebanana, lakini mfupa ni ule ule na drafti nyingi za simu ziko hivo hivo mpaka leo.

Programu ya namna hii ikiwa mbele ni bahili tu. Ina moja inataka mbili, ina mbili inataka tatu, haishibi. Na wengi walioziunda waliziongezea kabonasi ka kubadilishana wakati zinaongoza, nile nawe ule, kwa sababu ambayo wazee wa drafti wanaijua bila kusoma kokote: kete 12 kwa 11 ni vita bado, lakini ukikata kata mkabaki wachache ile moja ya ziada inakua mzigo kwa mwenzako. Na kitu kingine utakiona, ikiongoza haikubali kurudia rudia. Kwenye chesi hali ikijirudia mara tatu mtu anaweza kudai sare, sare kwake ni sifuri, sasa kama namba yake inasomeka juu ya sifuri akubali sifuri ya nini? Ikiwa nyuma hapo ndio inang'ang'ania kurudi pale pale, sifuri imekua faida.

Kumbe hata hizi bahili zilikua na ugonjwa wa kuzembea. Programu inaona inaweza kumaliza mchezo kwa hatua tatu, na inaona njia nyingine ya kumaliza kwa hatua saba. Zote mbili ni ushindi, zote zina ile bei kubwa kabisa, kwa hivo kwake ni sawa sawa, inachukua yoyote. Inachukua ya saba. Zamu ijayo inaangalia tena, tena inaona njia fupi na njia ndefu, tena ni sawa kwake, na inaweza kuzunguka hivo ikiwa imeshinda lakini haimalizi, mpaka sheria ya hatua 50 bila kula wala kusogeza askari ije iharibu kila kitu. Dawa waliyoipata ni ndogo sana utacheka: ushindi wa mbali unapunguzwa bei kidogo kwa kila hatua. Wa hatua tatu ukawa na thamani kuliko wa saba. Kwisha habari.

Nimekueleza haya kwa sababu ugonjwa ule ule ulirudi baadaye kwa nguvu kwenye Go, na hapo ndio utamu wenyewe.

Go kwa asiyeijua ni mchezo wa China, ubao wa mistari 19 kwa 19, mawe meusi na meupe, mnagombania eneo, mwisho mnahesabu pointi. Mweusi anaanza kwa hivo mweupe anapewa fidia, kwenye mechi kubwa ninazozitaja hapa ilikua pointi 7 na nusu, ile nusu ni ya kuzuia sare. Kompyuta zilishindwa na Go miaka mingi kwa sababu bei za Shannon hapo hazifanyi kazi, jiwe ni jiwe, hakuna malkia. Mwaka 2006 Mfaransa Rémi Coulom na programu yake Crazy Stone akaonyesha njia: acha kujaribu kukadiria, cheza tu. Kutoka hali uliyonayo programu inajichezea yenyewe michezo maelfu mpaka mwisho, nusu kwa kubahatisha, alafu inahesabu ni mingapi ilishinda. Hatua inayoleta ushindi mara nyingi ndio hio.

Sasa angalia kilichohesabiwa. Ni umeshinda au hukushinda. Haiulizwi kwa pointi ngapi. Ushindi wa nusu pointi na ushindi wa pointi hamsini vyote vinaandikwa moja. Nahodha anaeongoza kwenye mashindano ya mashua akishazunguka boya la mwisho hana haja ya kukaza tanga mpaka mlingoti ulie, kombe anapewa aliyetangulia, hakuna anaeuliza alitangulia kwa pima ngapi, na programu za Go zilikua zinafikiri hivo hivo. Ukizipa njia mbili, moja inashinda kwa pointi thelathini lakini kuna hatari tatu kwa mia ya kuharibika, nyingine inashinda kwa nusu pointi na hatari ni moja kwa mia, zinachukua ya nusu bila kufikiri mara mbili. Binadamu anaetazama anaona uoga, au anaona ujinga, anaona pointi zinatupwa hivi hivi. Hazitupwi, zinalipiwa usalama.

Wachezaji wakubwa iliwachukua muda kuizoea hii. Mei 2017 pale Wuzhen, China, AlphaGo, programu ya Go ya kampuni ya DeepMind, ilicheza na Ke Jie, kijana wa miaka 19 aliyekua namba moja duniani, na mchezo wa kwanza ukaisha kwa nusu pointi. Nusu! Ukisikia hivo unasema kijana alibakisha kidogo sana. Lakini hio nusu haikuambii alikua karibu kiasi gani, manake programu ilikua inayauza maeneo kidogo kidogo kununua uhakika, na kama nusu inatosha kushinda basi ingeshinda kwa nusu. Tatu bila yakawa matokeo ya mechi nzima. Kwa hivo ukiona kompyuta ya namna hii imekushinda kidogo usiende kujisifu mtaani bana.

Upande mbaya ni pale uongozi unapokua mkubwa sana. Programu ikiona hatua hii ina 99.8 kwa mia na ile ina 99.7, hio tofauti si elimu, ni vumbi la kubahatisha, na kuchagua kwa vumbi ndio kunaleta zile hatua za ovyo. Kila kitu kinashinda, kwa hivo hakuna kilicho bora. Ilikua mbaya zaidi kwenye michezo ya kuachiwa mawe mwanzoni, programu ikiachiwa na mtu anaeijua Go inaanza ikiwa mbele sana na inalegea kutoka dakika ya kwanza, mwenzake anakusanya pole pole, siku programu inashtuka uongozi umeshaliwa. Petr Baudiš aliyeandika Pachi aliandika juu ya dawa ya hii, na ni dawa ya kudanganya: unaiambia programu kuwa fidia imebadilika, kwamba ili ishinde inahitaji pointi kumi zaidi ya ukweli. Ikiamini hivo inaamka. Unaishusha na kuipandisha fidia ya uongo kulingana na inavyoongoza, ili isifike pahali pa kuona kila kitu ni sawa. Mimi naipenda sana hii, kompyuta inafichwa matokeo ili ifanye kazi.

Chesi nayo haikupona. Leela Chess Zero, iliyojengwa kwa wazo la AlphaZero, ndugu mdogo wa AlphaGo, hujifunza kwa kujichezea na hutazama nafasi ya kushinda, haitazami bei za kete. Watu wakaiona imeshamaliza kila kitu, mwenzake kabaki na mfalme peke yake, yenyewe inafikisha askari mwisho wa ubao inaomba farasi badala ya malkia, inatembeza mfalme huku na huku kama iko matembezini Shela. Haikua mzaha. Kwake yote yalikua 100. Ndio wakaiongezea sehemu ya kukadiria hatua zilizobaki mpaka mwisho, ili kati ya ushindi na ushindi ichague ulio karibu, yaani ile dawa ya zamani ya kupunguza bei imevaa nguo mpya.

Nilimueleza haya yote ami mmoja ambae utamkuta Mkunguni mbele ya ngome baada ya alasiri na bao lake, mtu ambae wakati wa tamasha la utamaduni la Lamu washindani wa bao huomba wasipangiwe nae. Nikamuuliza, ami, wewe ukiwa mbele wafanyaje?

"Mbele wapi?" akasema. "Bao halina mbele mwanangu. Kuna aliyefungwa na ambae bado."

Nikakaa nikaona amesema kitu kikubwa kuliko alivyokikusudia. Manake fikiria. Drafti ukila kete imetoka, imeenda, uongozi wako uko pale umeushika mkononi. Awari, ule mchezo wa Afrika Magharibi ambao ni binamu wa bao, una kete 48 na unazokula unaziweka kando, ukifikisha 25 umeshinda hata mwenzako akilia. Ndio maana kompyuta iliweza kuumaliza wote, 2002 John Romein na Henri Bal pale Amsterdam walipitia hali zote bilioni 889 zinazowezekana na wakakuta wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Bao la Kiswahili halina pa kuweka kando. Kete ni 64 mwanzo, ni 64 mwisho, unachokila unakisambaza upande wako, na kesho, yaani zamu moja tu mbele, mwenzako anakila anakirudisha kwake chote. Na hushindi kwa kuwa na kete nyingi, unashinda mwenzako akiishiwa safu ya mbele au akikosa pa kucheza. Waweza kuwa na rundo limejaa safu ya nyuma, wewe ni tajiri, na umefungwa.

"Nimemuona mtu na kete arubaini na zaidi," ami akasema, "akafungwa chai haijapoa."

Kwa hivo bao lenyewe lina roho ile ya AlphaGo, umeshinda au hukushinda, hakuna nusu pointi wala pointi hamsini. Nikamwambia basi wewe ami umekua ukicheza kama kompyuta miaka yote hii. Hakupenda. Akanionyesha mchezo uliokua mbele yake, kijana wa Matondoni aliyekua anacheza nae alikua amebakiwa na mtaji mmoja, yaani nafasi moja ya kula, wa kujitetea na ami tayari alikua na njia ya kumfunga, tena mbili. Moja fupi. Nyingine ilikua kwanza inaua ule mtaji mmoja alafu inafunga zamu inayofuata. Akachukua ile ya pili. Kijana akacheka akasema, "ami hatezi huyu, yuwangoja tu".

"Singoji," ami akajibu. "Simuati hata mmoja. Mato yangu haya si ya jana, huenda kuna shimo sikuliona."

Hapo ndio nilipo mimi, na hapa ndio naachana na wale wanaosema hatua za kulegea za kompyuta ni hekima ya juu ambayo sisi hatujaifikia. Ni hekima ikiwa hesabu yako ni ya kweli. Ushindi wa nusu pointi ni ushindi, sawa, lakini kwa yule tu ambae hakukosea kuhesabu hata nusu pointi. Zile pointi thelathini zilizotupwa zilikua na kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye namba: kumlinda mwenye kuhesabu dhidi ya yeye mwenyewe.

Na ushahidi upo, tena mtamu. Machi 2016, Seoul, AlphaGo na Lee Sedol wa Korea Kusini. Programu ilikua imeshashinda michezo mitatu ya mwanzo, wa nne, tarehe 13, ilikua inaongoza tena, na Lee Sedol akaweka jiwe la 78 katikati ya maeneo ambapo hakuna aliyelitarajia. Programu yenyewe ilikua imeikadiria hatua hio kuwa binadamu mmoja kati ya elfu kumi ndio angeicheza. Ikajibu vibaya jiwe la 79. Sasa sikiliza, Demis Hassabis mkuu wa DeepMind alieleza kwamba pale kwenye 79 programu ilikua bado inajiona ina kama 70 kwa mia ya kushinda, na ikaja kutambua kilichotokea karibu na hatua ya 87. Hatua nane inatembea na uongozi ambao haupo! Ilipoamka ndio ikaanza vituko, mawe ambayo hata anaejifunza hawezi kuyaweka, manake ikiwa nyuma ile ile hesabu ya kushinda au kutoshinda inaisukuma kutafuta hatua ambazo zinafaa tu ikiwa mwenzake atafanya ujinga. Kupoteza kwa kidogo na kupoteza kwa kingi kwake ni sawa, basi inacheza kamari. Ikakubali kushindwa. Mechi iliisha 4 kwa 1, na ile moja ndio watu wanaikumbuka.

Ukirudi nyuma zaidi kuna Marion Tinsley, Mmarekani, mwalimu wa hesabu na mhubiri, ambae kwenye drafti hakuna aliyekua kama yeye. 1990 alicheza na Chinook, programu ya Jonathan Schaeffer wa chuo kikuu cha Alberta, Kanada. Schaeffer ndie alikua anasogeza kete kwa niaba ya kompyuta, na alipoweka hatua ya kumi Tinsley akamwambia pale pale kwamba hii utaijutia. Chinook ilikua inaona iko mbele. Baada ya hatua kadhaa ikaona ni sawa kwa sawa, baadae ikaona Tinsley amezidi kidogo, mwisho hali ikawa mbaya mpaka Schaeffer akakubali kushindwa. Yule mzee alikua ameshauona mwisho kutoka mbali ambapo kompyuta haikufika. (Chinook ililipa deni lakini, 2007 Schaeffer na wenzake walitangaza wameimaliza drafti ile ya ubao wa 8 kwa 8, wasiokosea wote wawili hutoka sare, na Tinsley alikua ameshafariki.)

Na ukidhani haya ni ya zamani, 2023 Mmarekani Kellin Pelrine, ambae si mchezaji wa kulipwa, alishinda michezo 14 kati ya 15 dhidi ya KataGo, programu ya Go yenye nguvu kuliko binadamu yeyote. Njia alipewa na kompyuta nyingine iliyofunzwa kutafuta udhaifu: unalizunguka kundi la mawe ya programu polepole huku unaichokoza pembeni, na yenyewe haioni kwamba kundi lake limezungukwa. Inajiona imeshinda mpaka dakika za mwisho kabisa. Uongozi ulikua kichwani mwake tu.

Cha ajabu KataGo ndio programu ambayo katika hili la kuongoza naipenda kuliko zote. David Wu aliyeitengeneza, makala yake ilitoka 2019, hakuifunza kutazama kushinda peke yake, aliifunza ikadirie na pointi pia, na akaipa hamu ndogo ya pointi juu ya hamu kubwa ya kushinda. Kushinda kwanza, lakini kati ya njia zinazoshinda chukua inayobakisha zaidi. Ukiitazama ikiongoza haitupi ovyo, inafunga mchezo kwa adabu. Ndio, ikapigwa na ule mzunguko, manake kama hujaona kundi lako limekufa hata pointi hamsini hazikuokoi. Lakini kwa makosa madogo madogo, yale ya kila siku, akiba inasaidia, na ami wa Mkunguni na David Wu wangeelewana haraka sana.

Bakigamoni, ule mchezo wa ubao wa kurusha dadu, nitaipitia mbio ingawa inastahili siku yake. Kule kuna kete ya kuongezea dau, anaeongoza anasema mchezo huu sasa ni mara mbili, na mwenzake achague kukubali au kulipa dau la sasa na kuondoka. Hesabu yake ni safi: ukikataa unapoteza 1, ukikubali unacheza kwa 2, kwa hivo ukiwa na nafasi ya robo kubali, chini ya robo ondoka. Yaani uongozi unauzwa. Na kuna wakati anaeongoza ni vizuri asiongeze dau kabisa, kwa sababu yuko mbele mno, mwenzake ataondoka na yeye atakosa ule ushindi wa kulipwa mara mbili, bora anyamaze aendelee. Programu ya Hans Berliner ilimfunga bingwa wa dunia Luigi Villa 7 kwa 1 huko Monte Carlo 1979, ingawa Berliner mwenyewe alikiri dadu ziliipendelea.

Sasa kwa nini naandika haya leo. Kuna kijana hapa mtaani anajifunza kuandika programu na anataka kutengeneza bao la simu, bao letu la kweli lenye kunamua na nyumba na yote, si yale ya mashimo sita. Amefika pahali pa kuamua programu ihesabu nini, na ameanza kwa kuhesabu kete, zangu ngapi zako ngapi. Nimemwambia hapo ataunda tajiri anaefungwa. Kete za safu ya nyuma zikiwa moja moja hazina kazi, haziwezi hata kuanzisha zamu. Anataka baadae aifunze kwa kujichezea kama Leela, vizuri, lakini ile ya kujichezea ikikua itarudi na ule ugonjwa, itaona mia kwa mia na itaanza matembezi ya Shela. Akiba ya bao ni nini sasa, kama si kete? Nilimpelekea ami swali hili na hakufikiri hata kidogo: hesabu mitaji ya mwenzio. Ngapi anaweza kula zamu ijayo, ngapi zamu ya pili. Kati ya njia mbili za kufunga, chukua inayomuachia michache. Kijana ameiandika hio, mistari michache tu ya kodi, anasema programu imeanza kuonekana kama mtu wa Lamu.

Tunachobishana mimi na yeye sasa ni kitu kingine. Anataka ikiwa inaongoza sana ilegee makusudi, wateja wasiifute. Mimi nasema weka hio kama chaguo ndani ya setingi, izimwe mwanzoni, na iandikwe waziwazi kwamba inalegea, manake ami akiiona imemuachia mtaji hata mmoja kwa huruma ataifunga simu na hataifungua tena. Wenye bao na wenye maoni, ijumaa baada ya alasiri tupo, na atakaekuja aje na chaji yake.